Kujaza Risasi kwa Mkono kwa Bunduki ya Boliti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yanamhusu mwenye bunduki ya boliti ya kaliba ndogo, ya kupigia wanyama wadogo waharibifu wa mashamba na malisho kutoka mbali, ambaye sheria ya mahali alipo inamruhusu kujaza risasi zake mwenyewe. Vipimo vya baruti havikutajwa humu, na ni kwa makusudi. Vipimo hivyo huchukuliwa katika mwongozo wa karibuni wa mtengenezaji wa baruti au wa vichwa vya risasi, na hakuna rafiki, kumbukumbu wala ukurasa wa intaneti unaoweza kushika nafasi ya mwongozo huo.

Kwa nini mtu ajisumbue kujaza risasi ilhali za kiwandani zinapatikana?

Risasi kamili ina sehemu nne: ganda, fataki iliyo kwenye kitako cha ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Kiwanda hulazimika kuunda risasi itakayoingia bila kukwama katika kila bunduki ya kaliba hiyo, mpya kwa kuukuu, na kwa hiyo ganda lake huwa dogo kidogo kuliko chemba nyingi (nafasi ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa), na kichwa chake hukaa kwenye kina kinachozifaa bunduki zote kwa wastani. Mjazaji ana bunduki moja tu mbele yake. Anaweza kuliacha ganda lichukue umbo la chemba hiyo hiyo, akakiweka kichwa kwenye umbali kutoka kwenye matuta ya mtutu (mbavu zilizo kati ya mifereji yake ya ndani) ambao mtutu huo unaupenda, na akapima baruti ya kila risasi peke yake.

Faida hiyo ni ya kweli, lakini isipigiwe chumvi. Risasi nzuri za kiwandani za siku hizi hupiga vizuri sana, na bunduki iliyolegea skrubu haitaponywa na ujazo wowote.

Usahihi unapimwaje?

Wapigaji hutumia dakika ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwenye mita 100 pembe hiyo ni milimita 29.1, na kwenye yadi 100 ni milimita 26.6. Umbali kati ya vitovu vya matundu mawili yaliyoachana zaidi kwenye shabaha ndio ukubwa wa kundi. Bunduki inayotoa makundi ya nusu dakika hutandaza risasi zake katika milimita 15 hivi kwenye mita 100 na milimita 44 kwenye mita 300. Kwa mnyama ambaye mwili wake una upana wa sentimita 8 tu, tofauti kati ya nusu dakika na dakika moja na nusu ndiyo tofauti kati ya kupiga na kukosa, au jambo baya zaidi, kujeruhi.

Bunduki iangaliwe nini kabla ya kuanza majaribio?

Kaza skrubu zinazoshika mtutu na chuma cha boliti kwenye ubao wa bunduki, na zile za vishikio vya darubini, kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu ukiweza kuipata. Pitisha karatasi kati ya mtutu na ubao: kama mtutu umeundwa uelee bila kuguswa, karatasi ipite hadi karibu na chemba bila kukwama. Safisha mtutu mpaka mabaki ya shaba yaishe, kisha piga risasi chache za kuuzoesha kabla ya kuanza kuhesabu.

Niliwahi kutumia majuma matatu nikibadilisha baruti na vichwa kwa sababu makundi yangu yalikuwa yakigawanyika mara mbili, matundu matatu juu na mawili chini, kila mara. Kosa lilikuwa skrubu moja ya kishikio cha nyuma cha darubini, iliyokuwa ikizunguka kwa kucha.

Je, kaliba gani ni rahisi kuifanyia kazi?

Kaliba za kazi hii nyingi zilizaliwa Marekani. .220 Swift ilitolewa na Winchester mwaka 1935 na kwa muda mrefu ilisifiwa kwa mwendo wake, kwa kuwa ilitangazwa kuvuka futi 4,000 kwa sekunde, ambazo ni zaidi ya mita 1,200. .222 Remington ilifuata mwaka 1950, na kwa miaka mingi ilitawala mashindano ya kupiga kutoka mezani, mpaka 6mm PPC ilipojitokeza katika miaka ya 1970. .223 Remington ilikuja katika miaka ya 1960 ikiwa ndugu wa risasi ya kijeshi. .22-250 ilikuwa risasi ya mafundi binafsi kwa miongo kadhaa kabla ya Remington kuifanya ya kiwandani mwaka 1965. .204 Ruger ni ya mwaka 2004.

Kwa anayejifunza ningependekeza .223 au .222. Ganda ni dogo, msukumo wa nyuma ni mdogo kiasi kwamba mpiga anaona kichwa kikigonga kupitia darubini, koo la mtutu (sehemu iliyo mbele tu ya chemba) haliliwi haraka, na maganda ya .223 yanapatikana kwa wingi. Tahadhari moja: maganda yenye asili ya kijeshi mara nyingi yana fataki iliyobanwa ukingoni, na baadhi yana kuta nene zaidi, hivyo nafasi ya ndani ni ndogo na kipimo kile kile cha baruti hutoa shinikizo kubwa zaidi. Usiyachanganye na mengine katika fungu moja.

Nichague kichwa cha uzito gani?

Jibu limo ndani ya mtutu. Mifereji ya mtutu hukizungusha kichwa ili kisipinduke hewani, na kasi ya mzunguko hutajwa kwa urefu unaohitajika kukamilisha mzunguko mmoja: moja kwa inchi 14, moja kwa 12, moja kwa 8, na kadhalika. Mtutu wa moja kwa 14, ambao ulizoeleka kwenye .22-250 na .222, hupenda vichwa vifupi na vyepesi, wakati ule wa moja kwa 8 hutuliza vichwa virefu vya kupiga mbali. Mwanahisabati Mwingereza Alfred George Greenhill alitoa kanuni ya kukadiria jambo hili mwaka 1879, na ingawa kuna kanuni bora zaidi leo, funzo lake bado ni lile lile: kinachoamua ni urefu wa kichwa zaidi kuliko uzito wake. Kichwa cha shaba tupu huwa kirefu kuliko cha madini ya risasi chenye uzito uleule, na kwa hiyo kinahitaji mzunguko wa kasi zaidi.

Kuna upande wa pili ambao wengi huusahau. Vichwa vya risasi vya kupigia wanyama waharibifu vina gamba jembamba la nje ili vipasuke vipande vinapogonga, visiruke kwenda mbali. Kichwa kinachotoka kwa futi 3,600 kwa sekunde katika mtutu wa moja kwa 12 huzunguka mara 216,000 kwa dakika. Katika mtutu wa moja kwa 8 huzunguka mara 324,000. Vichwa vyembamba vikizungushwa hivyo vinaweza kusambaratika hewani, na mpiga huona shabaha safi kabisa isiyo na tundu, akaanza kuilaumu darubini. Tazama kwenye boksi: watengenezaji wengi huandika kikomo cha mwendo au cha mzunguko.

Mpaka mita 200 au 250, kichwa chenye kitako bapa mara nyingi hupiga vizuri kuliko chenye kitako kilichochongwa kama mashua. Faida ya kile cha pili huonekana mbali zaidi, pale upepo unapoanza kutoza kodi yake.

Maganda yana umuhimu gani kweli?

Kwa maoni yangu, mkubwa kuliko kitu kingine chochote isipokuwa mtutu na kichwa. Ganda ni aloi yenye takriban asilimia 70 ya shaba na asilimia 30 ya zinki, na kila linapofyatuliwa, likabanwa, likafunguliwa tena, chuma cha shingo yake hukakamaa. Shingo iliyokakamaa hushika kichwa kwa nguvu tofauti na jirani yake, na hatimaye hupasuka. Dawa yake ni kulainisha shingo kwa moto wa muda mfupi, huku kitako kikibaki baridi kabisa. Anayekipasha moto kitako ameliharibu ganda, na anapaswa kulitupa, kwa sababu kitako laini hakitahimili shinikizo.

Tumia maganda ya mtengenezaji mmoja, fungu moja, yaliyofyatuliwa idadi sawa ya mara. Yakate urefu uleule: kwa .223 urefu wa juu kabisa ni inchi 1.760, yaani milimita 44.70, na kawaida hukatwa mpaka 1.750. Ganda refu kupita kiasi husukuma mdomo wake kwenye ukingo wa chemba, likakibana kichwa, na shinikizo likapanda bila mjazaji kujua sababu. Baada ya kukata, ondoa vinyuzi vya chuma vilivyobaki ndani na nje ya mdomo. Pitisha kidole kwenye mdomo wa ganda lililokatwa ambalo halijasafishwa. Kile kinachokukwaruza ndicho kitakachokwaruza kichwa kinapoingia.

Kuna jambo moja la kale ambalo bado lina maana mezani. Wakati Waingereza walipokuwa India, maganda ya risasi yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe katika msimu wa mvua, na baadaye ikagundulika kwamba amonia ya mkojo wa farasi ilikuwa ikiishambulia aloi hiyo pale ilipokuwa na mkazo ndani yake. Kwa sababu hiyo usisafishe maganda kwa sabuni au dawa ya kung'arisha yenye amonia, hata kama yanatoka yakimetameta kama dhahabu.

Nibane ganda zima au shingo tu?

Ganda lililofyatuliwa hutanuka, na hubanwa ndani ya kalibu ili lirudi kipimo. Mjadala huu ni mkongwe, na kila upande una makundi madogo ya kuonyesha. Kubana shingo peke yake huliacha ganda likiwa na umbo halisi la chemba, lakini baada ya mafyatuko machache boliti huanza kuwa ngumu kufunga, na boliti inayohitaji nguvu hupotosha mkao wa bunduki kwenye mifuko ya mchanga. Mimi hubana ganda zima, huku nikilirudisha bega lake (mteremko ulio chini ya shingo) nyuma kwa kiasi kidogo tu, kati ya milimita 0.025 na 0.05 kutoka pale lilipokuwa lilipotoka kwenye chemba. Kipimo hicho hakikadiriwi kwa jicho. Kinahitaji kalipa na kifaa cha kupimia bega. Anayelisukuma bega nyuma kupita kiasi, kama kalibu nyingi zinavyofanya zikifungwa kwa kufuata karatasi ya maelekezo tu, hulifanya ganda linyooke kila linapofyatuliwa, likawa jembamba karibu na kitako, na siku moja likakatika vipande viwili.

Dalili ya kukatika huko huonekana mapema. Kunja ncha ya waya mwembamba, uiingize ndani ya ganda, uivute juu ukiigusisha ukuta kutoka kitakoni. Ukiisikia ikinasa kwenye kijishimo umbali wa milimita chache juu ya kitako, ganda hilo limemaliza kazi, na inaelekea wenzake wa fungu hilo hawako mbali.

Je, fataki zote ni sawa?

La. Kwanza kuna aina mbili za muundo. Ile ya Boxer ina fuawe yake (kichuma ambacho kilipuzi hubanwa juu yake fataki inapogongwa) ndani ya fataki na ganda lenye tundu moja la moto katikati, hivyo huondolewa kwa urahisi kwa pini. Ile ya Berdan hutumia fuawe iliyo sehemu ya ganda lenyewe na matundu mawili. Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer Mwingereza, wote wawili walisajili uvumbuzi wao mwaka 1866, na bado Wamarekani wameshika ya Mwingereza huku majeshi mengi ya Ulaya yakishika ya Mmarekani. Mjazaji anahitaji ya Boxer.

Pili, kuna fataki ndogo na kubwa za bunduki, na ndani ya kila ukubwa kuna za kawaida na za moto mkali. Kubadilisha chapa ya fataki ni kubadilisha ujazo: rudi chini na upande upya. Iingize fataki mpaka ikae chini kidogo ya uso wa kitako, kati ya milimita 0.08 na 0.13, na uhisi kwa mkono ilipogota. Fataki inayokaa juu huchelewesha kuwaka kwa sababu pigo la kwanza la pini ya kufyatulia linatumika kuimalizia safari.

Nichague baruti vipi, na nipande kwa hatua gani?

Baruti isiyo na moshi, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliifungulia njia mwaka 1884, huungua kwa mpangilio, na kila aina ina kasi yake. Ganda dogo linalosukuma kichwa chepesi hutaka baruti ya kasi kuliko ganda kubwa lenye kichwa kizito. Mwongozo utakupa orodha. Ndani ya orodha hiyo ningechagua ile inayolijaza ganda karibu mpaka shingoni, kwa sababu baruti isiyo na nafasi ya kuhamahama huwaka kwa namna moja kila mara, na pia kwa sababu haiwezekani kuimimina mara mbili katika ganda lilelile bila kuiona ikimwagika.

Baruti hupimwa kwa greini. Greini 1 ni gramu 0.0648, na gramu 1 ni greini 15.43. Anza na kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye mwongozo na upande kwa hatua ndogo. Kwa maganda ya ukubwa wa .223, greini 0.3 kwa hatua inatosha. Katika ganda dogo hivyo, nusu greini ni asilimia 2 hivi ya ujazo wote, kwa hiyo kile kinachoonekana ni punje chache kwenye sahani ya mizani ni mruko mkubwa ndani ya chemba.

Usishuke pia chini ya kiwango cha chini. Baruti za polepole zikiwekwa kidogo sana katika ganda kubwa zimewahi kusababisha shinikizo la kupita kiasi lisiloelezeka kwa urahisi, na maonyo yaliyoandikwa kwenye miongozo hayakuwekwa kwa mapambo.

Mizani gani inatosha?

Mizani ya mhimili iliyosawazishwa vizuri, au ya kielektroniki inayosoma sehemu moja ya kumi ya greini. Ya kielektroniki iachwe iwashwe nusu saa kabla ya kazi, iwe mbali na feni, simu na taa za mirija, na ikaguliwe kwa uzito wa kupimia mwanzoni, katikati na mwishoni.

Punje moja ya baruti ndefu ya vijiti huwa na uzito wa karibu sehemu mbili za mia za greini. Maana yake, unapodondosha punje moja moja kwa kuzungusha kidole kwenye bomba la kudondoshea, punje tano ndizo zinazoigeuza tarakimu ya mwisho ya mizani. Kuna wanaohesabu punje. Kwa kupiga mpaka mita 300 sioni faida yake, na nimeona mtu akihangaika na punje moja huku mlango ukiwa wazi na upepo ukiipepesa sahani ya mizani.

Nitajuaje kwamba shinikizo limezidi?

Boliti inayokataa kuinuka, au inayoinuka kwa kupigwa kofi. Alama ya duara inayong'aa kwenye kitako cha ganda, pale chuma kilipotiririkia kwenye tundu la kitoa ganda. Fataki iliyotandazwa mpaka pembe zake za mviringo zimepotea, au iliyojengeka ukingo kama kreta kuzunguka alama ya pini. Tundu la fataki linalolegea baada ya kufyatua mara mbili au tatu. Ukiona moja ya hizi, simama hapo hapo na ufungue risasi zilizobaki kwa nyundo ya kung'olea vichwa.

Tatizo ni kwamba dalili hizo huchelewa. Nyingine huonekana baada ya shinikizo kupita kikomo kwa mbali, na baadhi ya fataki ni laini kiasi kwamba hutandazika hata na ujazo wa kawaida. Kikomo cha mwongozo ndicho kikomo, hata kama fataki zako bado zina pembe nzuri. Vikomo vyenyewe vinatofautiana: chama cha watengenezaji cha Marekani, SAAMI, kimeweka shinikizo la juu la .223 kuwa pauni 55,000 kwa inchi ya mraba na la .22-250 kuwa 65,000, kwa hiyo uzoefu wa kaliba moja hauhamishwi kwenda nyingine.

Kichwa kikae kwenye kina gani?

Hapa ndipo mjazaji anapovuna zaidi ya popote pengine. Kichwa kinapotoka kwenye shingo ya ganda huruka pengo dogo kabla ya kugusa matuta ya mtutu, na upana wa pengo hilo hubadilisha namna kinavyoingia: kimenyooka au kimeinama.

Kulipima pengo ni kazi ya dakika kumi. Chukua ganda lililofyatuliwa katika bunduki hiyo, lisilo na fataki wala baruti, ulikate shingo kwa msumeno mwembamba mara moja kwa urefu ili ikishike kichwa kwa wepesi. Ingiza kichwa kidogo tu, liweke ganda kwenye chemba na ufunge boliti polepole, bila haraka kabisa. Matuta yatakisukuma kichwa ndani ya ganda. Fungua boliti vilevile polepole, ukilipokea ganda kwa kidole ili kichwa kisigonge ukuta wakati wa kutoka. Pima. Rudia mara tano, utupe kipimo kinachojitenga na wenzake. Upime kutoka kitakoni mpaka pale kichwa kinapofikia upana wake wote, kwa kifaa cha kalipa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa kuwa ncha za vichwa hutofautiana hata ndani ya boksi moja.

Kutoka kwenye kipimo hicho anza na pengo la nusu milimita, kisha jaribu mapengo mapana zaidi na membamba zaidi kwa hatua za milimita 0.15 au hivi. Kichwa kinachogusa matuta hupandisha shinikizo, kwa hiyo anayetaka kufika huko apunguze baruti kwanza na kuanza kupanda upya. Kumbuka pia kasha la risasi (magazini ya bunduki): risasi ndefu isiyoingia kwenye kasha itabidi ilishwe kwa mkono moja moja.

Niligundua ujazo unaotoa kundi la milimita 8 kwa risasi tatu. Je, kazi imekwisha?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya, mimi nikiwa mmoja wao kwa miaka kadhaa. Kundi la risasi tatu hutegemea bahati mno. Tuseme bunduki hutoa makundi ya risasi tatu yenye wastani wa milimita 15. Bunduki hiyo hiyo, kwa ujazo huo huo na mpiga huyo huyo, itatoa makundi ya risasi tano yenye wastani wa milimita 19 na ya risasi kumi yenye wastani wa milimita 24 hivi, kwa sababu kila tundu jipya linaweza kulipanua kundi lakini haliwezi kulipunguza. Na kati ya makundi ya risasi tatu yenyewe, moja la milimita 8 na lingine la milimita 22 kutoka katika ujazo ule ule ni jambo la kawaida kabisa.

Mtu anayejaribu vipimo kumi vya baruti kwa risasi tatu kila kimoja atapata, kwa hakika karibu kabisa, kundi moja dogo sana, naye atalipigia duara kwa kalamu nyekundu. Akirudi juma lijalo kundi hilo halipo. Mtutu haujaharibika wala hewa haijachafuka. Halikuwapo tangu mwanzo.

Njia ninayoifuata ni kutumia risasi tatu au tano kwa kuondoa tu vipimo vilivyo vibaya waziwazi, kisha viwili au vitatu vilivyobaki nivipe makundi mawili ya risasi kumi kila kimoja, katika siku mbili tofauti. Inagharimu risasi nyingi. Inaokoa mtutu mzima wa mashaka.

Je, ninahitaji kronografu, yaani kifaa cha kupimia mwendo wa kichwa?

Kwa mita 100, si lazima. Kichwa kinachotoka kwa mita 1,000 kwa sekunde na kingine chenye tofauti ya mita 15 kwa sekunde vitaachana kwa milimita 2 hivi tu kimo kwenye mita 100, ilhali kwenye mita 300 vitaachana kwa karibu sentimita 2. Kwa hiyo usishangae kama ujazo wenye kundi dogo kabisa kwenye mita 100 si wenye mwendo sare kabisa. Hata hivyo kronografu ni mlinzi mzuri: mwendo ukipita ule ulioandikwa kwenye mwongozo, shinikizo nalo limepita, hata kama fataki hazijasema neno.

Kwa nini risasi zangu zilipiga juu siku ya joto kali?

Baruti nyingi huungua kwa kasi zaidi zikipata joto. Risasi zilizoachwa juani, au iliyokaa ndani ya chemba ya mtutu uliokwisha kupata moto wakati mpiga akisubiri mnyama ajitokeze, huongeza shinikizo na mwendo. Ujazo uliofikishwa kwenye kikomo katika msimu wa baridi unaweza kuvuka kikomo katika msimu wa joto. Weka risasi kivulini, na jaribio la mwisho ulifanye katika hali ya hewa utakayowindia.

Inafaa kuchambua vichwa na maganda kwa uzito?

Kwa vichwa vya watengenezaji makini, faida ni ndogo. Kwa maganda, yapime na uyatoe yale yanayojitenga kabisa na fungu. Muda uliobaki utumie kukagua kama kichwa kimekaa wima, kwa kuviringisha risasi chini ya kipimo cha saa (kifaa chenye mshale unaoonyesha mtikisiko mdogo): mtikisiko chini ya milimita 0.08 unatosha kwa bunduki ya mawindo.

Meza ya kazi ipangwe vipi ili ajali zisitokee?

Aina moja tu ya baruti iwe mezani, ndani ya chombo chake cha asili chenye maandishi yake. Baruti iliyobaki kwenye kimiminio irudishwe kwenye chombo hicho siku hiyo hiyo. Ikishasahaulika kwenye kimiminio na jina lake limesahaulika, haina matumizi tena, na inamwagwa. Maganda yaliyojazwa baruti yasimame yote kwenye ubao wake, na kabla ya kuweka hata kichwa kimoja, yamulike yote kwa tochi ukitazama kama kimo cha baruti kinalingana. Ganda tupu ni hatari kama lililojazwa mara mbili, kwani fataki peke yake inaweza kukisukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu kikakwama huko, na risasi inayofuata ikakikuta. Mlio ukisikika dhaifu isivyo kawaida, ondoa boliti na utazame mtutuni kabla ya kufanya lolote.

Vaa miwani. Usivute sigara, usile mezani, na unawe mikono, kwa sababu masizi ya fataki yana madini ya risasi. Simu izimwe. Anayekatizwa katikati ya kumimina baruti arudi mwanzo wa ubao, asikisie alipofikia.

Ujazo wangu uliopiga vizuri kwa miaka miwili umeanza kutawanya. Nianze upya?

Anza na mambo ya bei rahisi: skrubu, mdomo wa mtutu, mabaki ya shaba na ya kaboni ndani, na fungu jipya la baruti au fataki ulilofungua bila kuandika. Kisha pima tena pengo la kichwa kwa lile ganda lililokatwa shingo. Koo la mtutu hulika kwa moto, hasa katika kaliba za mwendo mkali kama .22-250 na .220 Swift, na hasa mtutu ukifyatuliwa mfululizo mpaka hauwezi kushikika. Kadiri koo linavyosogea mbele ndivyo pengo linavyopanuka, na mara nyingi kukisogeza kichwa mbele kwa kiasi hicho hicho hurudisha kundi mahali pake. Andika tarehe, idadi ya risasi zilizokwisha kupita mtutuni na kipimo kipya cha pengo kila unapofanya hivyo. Kichwa kinapofika mahali ambapo shingo inakishika kwa milimita mbili tatu tu na kundi bado halirudi, mtutu umekwisha, na fundi atakuuliza tu unataka mwingine wa mzunguko gani.